Siku Chama Alipovuka Mtaa

Mpenzi msomaji, nianze kwa kukiri kabla hujayasikia huko mtaani: mimi ni Simba, mume wangu ni Yanga. Tunaishi Ilala Bungoni. Kitanda kimoja, televisheni moja, remoti moja. Wakati wa uchumba shoga zangu walinionya kwamba nyumba yenye rangi nne haikai. Imekaa, na sasa tunaingia mwaka wa kumi.

Tuna sheria zetu. Timu yangu ikifungwa, napika kimya kimya na hakuna kuniuliza chumvi iko wapi. Yake ikifungwa, ghafla anakumbuka kwamba ana kikao. Novemba 5, 2023, Yanga walipotufunga 5-1, alirudi nyumbani na keki, akaiweka mezani, akaikata vipande vitano na kunipa kimoja. Nilikula. Ndoa ni uvumilivu jamani!

Lakini kuna siku utani wetu uliisha nguvu, tukabaki tunaangaliana. Siku hiyo ndiyo nataka kukusimulia.

Kelele za Msimbazi

Ilikuwa Jumatatu, Julai 1, 2024. Nimetoka kazini, nikashuka Kariakoo kutafuta soksi za shule za binti yetu. Wiki moja tu nyuma maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa ule mgomo wa wafanyabiashara, kwa hiyo siku hiyo ni kama kila mtu wa Dar alikuwa ameamua kununua kitu. Nikiwa katikati ya kubembeleza bei, nikasikia honi za bodaboda, halafu mtu akapiga kelele kutoka ghorofani: "Chama wa Wananchi!"

Kwa wewe ambaye mpira unakupita kando, ngoja nikueleze. Clatous Chama ni kiungo kutoka Zambia. Alitua Simba mwaka 2018 na haukupita muda tukamwita Mwamba wa Lusaka. Desemba mwaka huo huo, dakika zikiwa zinayoyoma pale Uwanja wa Taifa, alifunga bao la tatu dhidi ya Nkana lililotuingiza kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019 akarudia tena mwishoni mwa mechi na AS Vita, tukaingia robo fainali. Mimi nilikuwa uwanjani siku ya Vita. Nilimkumbatia baba mmoja nisiyemjua, mtu mzima wa kunizaa, na sote wawili tulikuwa tunalia.

Mwaka 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco. Tukanuna, lakini tukaelewa, maana Morocco ni mbali na pesa ni pesa. Januari 2022 akarudi, tukampokea kama mume aliyetoka ughaibuni na masanduku. Halafu Juni 2024 mkataba wake ukafika mwisho, yeye na klabu hawakuafikiana mwingine, na siku ile ya Jumatatu Yanga wakamtangaza. Bure kabisa, hakuna hata senti moja iliyokuja Msimbazi.

Hapo sasa ndipo uchungu ulipo. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi. Jengo la Yanga liko kona ya Twiga na Jangwani. Zote mbili ziko Kariakoo, na ukienda kwa miguu ni dakika chache tu. Kwa hiyo Chama hakwenda mbali. Alivuka mtaa.

Pale nilipokuwa nanunua soksi kulikuwa na kijana muuza jezi. Alikuwa anazishusha jezi nyekundu zenye jina la Chama mgongoni, anazikunja moja moja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nikamuuliza, "Vipi kaka, unazipeleka wapi?" Akanijibu bila kuniangalia, "Dada yangu, hizi sasa ni za kufutia pikipiki."

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshafungulia muziki na binti yetu anarukaruka juu ya kochi. Mimi hata viatu sikuvua. Nikasimama mlangoni nikaanza: "Msaliti yule! Mtu mnakula naye miaka yote, kumbe gizani anaongea na jirani!"

Niliyasema hayo nikiwa na pochi yangu begani. Na ndani ya pochi kulikuwa na bahasha.

Bahasha

Wiki tatu kabla, kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imenipigia simu. Walikuwa wanatafuta mhariri wa machapisho yao ya Kiswahili, na walikuwa tayari kunilipa karibu mara mbili ya mshahara wangu. Wakanitumia mkataba. Nikauchapa kazini jioni watu walipoondoka, nikautia kwenye bahasha. Walitaka niripoti Septemba.

Kazini kwangu, mahali nilipokuwa wakati huo, mkataba wangu ulikuwa na miezi tisa mbele. Sikumwambia bosi. Hilo labda utanielewa. Lakini pia sikumwambia mume wangu. Niliyemwambia ni shoga yangu mmoja tu, naye akaniambia, "Usimwambie mtu mpaka umwage wino." Nikaona ameongea la maana. Nikajidanganya kwamba nasubiri wakati mzuri. Wakati mzuri ulipita mara nyingi tu: jioni tulizokaa kibarazani, Jumapili tulizokwenda kwa mama mkwe, asubuhi tukiwa kwenye foleni ya Uhuru. Kila ukipita nauangalia, nauacha uende.

Usiku ule simu yake ikaishiwa chaji. Kwa kawaida ya nyumba yetu akaniuliza, "Chaja yako iko wapi?" Na mimi kwa kawaida ya nyumba yetu nikajibu, "Chukua kwenye pochi." Maneno yalinitoka kabla akili haijafika.

Alitoka na karatasi mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, akageuza.

"Hii ya lini?"

"Wiki tatu."

Huko nje honi za Yanga zilikuwa bado zinaendelea. Akaikunja ile karatasi vizuri, akairudisha kwenye bahasha, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mama watoto, Chama mkataba wake umeisha. Wa kwangu na wewe umeisha lini?"

Mpenzi msomaji, nimesoma chuo kikuu mambo ya mawasiliano. Nimeandika kurasa ngapi humu za kuwashauri watu waongee na wenzi wao! Lakini lile swali sikuwa na jibu lake.

Fei alipoaga

Nikafanya kile anachofanya mtu aliyekamatwa. Nikashambulia.

"Wewe wa kuniambia habari za mikataba? Wewe huyo huyo uliyemtukana Fei Toto mwaka mzima, leo unamchezea ngoma Chama?"

Nilijua pa kumpiga. Feisal Salum, Fei Toto, kiungo Mzanzibari, alikuwa kipenzi cha mume wangu tangu alipoingia Yanga mwaka 2018. Desemba 2022, ligi ikiwa katikati na mkataba wake ukiwa bado unaendelea, aliaga. Ikaingizwa shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu ili avunje mkataba wake, na habari zikaenea kwamba Azam ndiko anakokwenda. Yanga wakakataa. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga. Naye hakurudi kucheza.

Unakumbuka miezi ile ilivyokuwa? Mji mzima ulikuwa hakimu. Kutoka upande wa familia yake yakaja yale maneno ya "ugali na sukari", yakawa utani wa kila kijiwe kuanzia Buguruni mpaka Mnazi Mmoja. Wengine walisema kijana hana shukrani. Wengine walisema mchezaji mkubwa analipwa kidogo na ana haki ya kutafuta maisha. Sakata likafika mpaka Ikulu: Juni 2023, Rais Samia alipowaalika Yanga baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo la Fei. Siku chache baadaye likamalizwa. Klabu mbili zikakaa mezani, na Fei akaenda Azam, Chamazi.

Wakati wote huo mume wangu alikuwa anamwita Fei mtovu wa adabu, na mimi namtetea kwa sauti ya juu. "Mtoto wa watu anatafuta maslahi! Mlitaka azeeke na jezi yenu?"

Kwa hiyo usiku ule wa Chama tukajikuta tumekaa kitandani, kila mmoja ameshika maneno ya mwenzake. Yule aliyesema Fei ni msaliti sasa anasema Chama ni mtu huru. Yule aliyesema Fei ana haki sasa anasema Chama ni msaliti. Tulichobadilisha ni upande wa mtaa tu.

Na sio sisi peke yetu. Ndiyo tabia ya Kariakoo tangu zamani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba ikafuata mwaka 1936, na wazee wanasimulia kwamba walioanzisha ya pili walitoka kwenye ya kwanza. Yaani utani wenyewe ulizaliwa na watu waliohama. Baba yangu mdogo, ambaye amekuwa na duka la vipuri Gerezani miaka mingi, hutusimulia enzi za kuficha wachezaji: msimu wa usajili ukifika, kijana anapotea nyumbani kwao, kumbe amewekwa gesti fulani na watu wa klabu, analindwa asubuhi na jioni mpaka fomu zisainiwe.

Mpaka leo hatujaacha. Haruna Niyonzima, kiungo Mnyarwanda, alikaa Yanga tangu 2011, mwaka 2017 akavuka kwenda Simba, na mwaka 2020 akarudi Jangwani. Ibrahim Ajibu alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2017 na mwaka 2019 akarudi. Bernard Morrison alipohama Yanga kwenda Simba mwaka 2020, kesi ilifika mpaka mahakama ya michezo huko Uswisi. Alishinda mwaka 2021, na mwaka 2022 akarudi Yanga! Huko duniani nako ni hivyo hivyo. Luís Figo alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, miaka miwili baadaye alirushiwa kichwa cha nguruwe uwanjani.

Anayetutoka ni msaliti. Anayetujia ameona mwanga.

Barua ya kwanza

Tuliongea mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Sitakudanganya kwamba yalikuwa mazungumzo mazuri. Kuna saa nzima hatukusema neno. Lakini kuna jambo moja mume wangu alilisema ambalo sijalisahau, na kwa kuwa ni Yanga, alilisema kwa mfano wa mpira.

Alisema kanuni za FIFA hazimzuii mchezaji kutamaniwa. Zinasema klabu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba, kabla ya kuzungumza naye lazima iiarifu klabu yake kwa maandishi. Na mchezaji mwenyewe yuko huru kusaini kwingine mkataba ukiwa umeisha au umebakiza miezi sita. "Kwa hiyo kutakiwa sio kosa," akasema. "Mke wangu kutakiwa na watu wa Nairobi ni sifa yangu pia. Ningetembea kifua mbele Bungoni nzima. Tatizo langu ni ile barua ya kwanza. Mimi sikuipata."

Nikalia. Halafu na mimi nikasema la kwangu, lile lililonifanya nifiche.

Nikamwambia kwamba miaka yote hii amekuwa akiniita mashine. "Mke wangu mashine," ndivyo anavyowaambia rafiki zake, na anasema kwa kusifu. Narudi kazini, napika, nakagua madaftari ya mtoto, nafua, halafu usiku saa sita nafungua kompyuta kumalizia kurasa. Kwenye ada natoa nusu. Kwenye kodi natoa nusu. Nikamwambia: "Mashine haiulizwi inataka nini. Watu wa Nairobi waliponipigia, swali lao la kwanza lilikuwa, 'Wewe ungependa nini?' Nilikaa na simu sikioni nikashindwa kujibu, maana nilikuwa sijaulizwa siku nyingi."

Hakujitetea. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa nini hukuniambia hivyo?" Nikamjibu ukweli: "Kwa sababu nilishazoea kucheza dakika tisini."

Nisieleweke vibaya. Sababu yangu ilikuwa ya kweli, lakini haikunipa ruhusa ya kuficha. Mimi na yeye tulikuwa tumekosa mahali pamoja. Yeye aliniona ni mchezaji wa kikosi cha kwanza ambaye haondoki, kwa hiyo hakuna haja ya kukaa naye mezani. Mimi nikaona kwa kuwa hakuna meza, basi nipitie mlango wa nyuma. Ndivyo klabu zinavyopoteza viungo wake, na nadhani ndivyo nyumba nyingi zinavyopoteza watu kabla hata hawajahama.

Asubuhi yake

Najua unataka kujua kama nilikwenda Nairobi. Sikwenda.

Niliwaandikia nikawaomba nifanyie kazi Dar es Salaam na niwe napanda basi kwenda kwao mara moja moja. Wakasema haiwezekani, wanamtaka mtu akae pale pale. Tukapiga hesabu mimi na mume wangu, safari hii wote wawili tukiwa na kalamu: kazi yake, shule ya mtoto, mama mkwe na presha yake. Nikaamua kubaki. Niliamua mimi, sikuamuliwa, na hilo ni tofauti kubwa. Wiki ile ile nikaenda kwa bosi wangu nikamweleza waziwazi kwamba nilitakiwa kwingine na nimekataa, na kwamba mkataba wangu ukikaribia mwisho ningependa tuongee mapema. Alishtuka kidogo, halafu akaniambia ahsante kwa kumwambia. Mkataba ulipoisha tuliagana kwa chai na maandazi, hakuna aliyefichwa gesti.

Kuna siku bado inaniuma. Mshahara ule nauona mwisho wa mwezi, hasa ada inapodaiwa. Sitaki kukuuzia hadithi kwamba mapenzi yalilipa kila kitu. Lakini silali tena na bahasha.

Na Chama? Alikaa Yanga msimu mmoja, akabeba ubingwa, na mwaka 2025 akaondoka. Mume wangu alisikitika siku mbili. Mimi nilikata keki.

Dirisha letu

Toka usiku ule tuna utaratibu mpya nyumbani. Kama ligi ilivyo na dirisha kubwa katikati ya mwaka na dirisha dogo mwishoni, na sisi tuna madirisha mawili. Mtoto akilala, tunakaa kibarazani na chai ya tangawizi, simu zinabaki ndani. Kila mmoja anajibu maswali matatu. Kuna nani anayekutaka, kazini au popote? Kuna kitu gani kimepungua hapa nyumbani? Na ungependa nini?

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu, tunachekacheka kama watoto. Mara ya pili mume wangu akasema kuna rafiki yake anamshawishi aache kazi wafungue duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Swahili. Alikuwa amelikalia jambo hilo miezi minne! Nikamwangalia. Akaniangalia. "Barua ya kwanza ndiyo hii," akasema, na mimi nikamimina chai nyingine.

Hata neno mashine limekufa. Jumamosi anapika yeye. Wali wake unashika chini, lakini nakula na kuomba kuongezwa.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, usajili ujao ukianza na mitaa ya Kariakoo ikachemka, cheka, tambiana, choma hata jezi yako ukitaka, ni yako. Ila ukifika nyumbani muangalie huyo kiungo wako, yule anayekutengenezea nafasi kila siku bila kelele. Lini mara ya mwisho ulikaa naye mezani ukamuuliza anataka nini? Na kama wewe ndiye mwenye bahasha, itoe leo, kabla mwenzio hajaja kutafuta chaja.

Tukutane mwezi ujao. Simba nguvu moja!